Dola ya bondeni, dola ya serikali na dala ya konda

Mpwa wangu, yuko kidato cha pili, alikuwa anasoma kwa sauti sebuleni: "Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Madola." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mjomba, hiyo jumuiya ni ya nchi zenye dola nyingi?" Nilicheka, ila swali lenyewe halikuwa la kijinga. Tangu mwaka 2025, Tanzania ilipotoa kanuni za kukataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, neno dola limekuwa halibanduki midomoni mwa watu. Wenye nyumba waliozoea kudai kodi kwa dola wamenung'unika, wapangaji wao wameshukuru, na vijiweni kila mtu amegeuka mtaalamu. Katika utaalamu huo nimesikia mengi: kwamba dola ni neno la Kimarekani, kwamba fedha hiyo iliitwa hivyo kwa kuwa nyuma yake kuna nguvu za dola, na kwamba ile alama yake ni ufupisho wa jina la Marekani. Hakuna hata moja lenye ukweli.

Tuanze na lililo jepesi. Kiswahili kina dola mbili. Moja ni ile ya "vyombo vya dola" na "kushika dola". Hiyo ni neno la Kiarabu, daula, lenye mzizi unaobeba maana ya kuzunguka na kupokezana. Mwanzoni lilikuwa zamu tu: leo mambo yako kwa huyu, kesho yako kwa yule. Kutoka zamu ya kutawala likawa ukoo unaotawala, halafu serikali yenyewe. Wingi wake ni madola, na Jumuiya ya Madola ni jumuiya ya nchi, hata zile zisizo na dola hata moja benki. Dola ya pili ni ya fedha, nayo kwa kawaida haivai ma- ya wingi: dola moja, dola mia. Maneno haya mawili ni kama abiria waliofanana sura kwenye basi moja. Kila mmoja kapandia kituo chake, ila konda anawadhania pacha.

Nikiri jambo moja kabla sijaendelea. Ndani ya Kurani, Sura ya Al-Hashr aya ya 7, mzizi huohuo wa daula unatumika kuhusu mali: isiwe kitu kinachozunguka mikononi mwa matajiri peke yao. Kwa hiyo anayesema dola na mali zina undugu hajapotea kabisa. Kashika njia nyingine tu.

Sasa huyu abiria wa pili kapandia wapi? Bondeni. Bonde lenyewe liko Ulaya ya kati, katika milima inayotenganisha Ujerumani na Ucheki, nchi iliyoitwa Bohemia zamani hizo. Miaka ya 1510 huko kulipatikana madini ya fedha kwa wingi, na mwaka 1516 mji ukaanzishwa. Mji jirani wa wachimbaji, Annaberg, ulikwisha kupewa jina la Mtakatifu Ana, bibi yake Yesu katika mapokeo ya Kanisa. Basi bonde hili jipya likapewa mumewe, Yoakimu. Kwa Kijerumani likaitwa Joachimsthal, yaani Bonde la Yoakimu. Wakati ule neno la bonde liliandikwa Thal. Leo Wajerumani wameiacha h, wanaandika Tal.

Waliofika huko walifika kama wanavyofika watu Mirerani au Geita ukivuma uvumi wa mwamba mzuri. Kwa muda mfupi bonde lililokuwa na miti na kulungu likawa mji wa maelfu ya watu. Wenye ardhi, mabwana wa ukoo wa Schlick, hawakutaka kuuza madini ghafi tu. Wakaanza kufyatua sarafu palepale, na mwaka 1520 baraza la Bohemia likawapa idhini. Ilikuwa sarafu kubwa, nene, ya gramu zinazokaribia 30. Upande mmoja amesimama Yoakimu, upande wa pili simba wa Bohemia. Sarafu za fedha za wakati huo zilikuwa nyingi nyembamba na nyepesi, na anayetaka kulipa deni kubwa alilazimika kutafuta dhahabu. Kipande kimoja kizito cha fedha chenye thamani ya sarafu ndogo ya dhahabu kilikuwa kimejaribiwa Tyrol tangu 1486, ila Tyrol hawakuwa na mzigo wa kutosha. Bonde la Yoakimu walikuwa nao.

Sasa jina. Sarafu ya Joachimsthal kwa Kijerumani huitwa Joachimsthaler. Ile -er ya mwisho inafanya kazi ya "ya" au "wa" yetu, kama tunavyosema mchele wa Kyela. Sokoni lakini hakuna anayemaliza sentensi yote hiyo. Unasema "nipimie Kyela kilo mbili" na muuzaji anakuelewa. Wajerumani nao walichoka na jina refu, wakakata kichwa, wakabaki na mkia: Thaler. Ukilifasiri neno kwa neno utapata "ya bondeni". Hiyo ndiyo maana ya dola, na haina zaidi ya hapo. Fedha yenye vitisho kuliko zote duniani inaitwa "ya bondeni".

Warusi wao walikata upande wa pili. Sarafu hizi zilipowafikia wakaziita yefimok, wakashika Yoakimu na kulitupa bonde. Mjerumani na Mrusi wamegawana neno moja kama ndugu wanaogawana muwa, huyu kachukua sehemu ya juu, yule ya chini. Bahati ikawa ya mwenye mkia, kwa sababu kila mtawala aliyekuwa na fedha ya kufyatua aliiga sarafu ile, akaiga na jina lake. Waitalia wakasema tallero, Wapolandi talar, Wahungaria tallér, Wacheki tolar. Waslovenia walilifufua jina hilo walipojitenga na Yugoslavia mwaka 1991, wakaitumia tolar yao hadi walipoingia kwenye yuro mwaka 2007.

Ile d ya dola imetoka wapi, kama Wajerumani walisema t? Imetoka kaskazini. Lugha za pwani ile, Kiholanzi na Kidenmaki na wenzao, hutamka d mahali pengi ambapo Kijerumani cha milimani kinatamka t. Siku kwa Kijerumani ni Tag, kwa Kiholanzi ni dag; bonde kule ni Tal, huku ni dal. Msomaji wa Mombasa haoni ajabu. Kimvita kinasema nti, Kiunguja kinasema nchi, na ardhi tunayoikanyaga ni ileile. Basi Thaler iliposhuka mto ikawa daler kwa watu wa Skandinavia na daalder kwa Waholanzi. Kiaislandi hadi leo dola huitwa dalur, na dalur hiyohiyo ni bonde. Wao peke yao, nijuavyo mimi, ndio ambao neno halijawaficha asili yake.

Kabla sijafika kwa Waingereza, nikuoneshe daler moja ya Uswidi. Waswidi walikuwa na shaba nyingi kuliko fedha, kutokana na mgodi wao wa Falun, na kanuni ya siku zile ilikuwa kwamba sarafu ibebe ndani yake madini ya thamani iliyoandikwa juu yake. Shaba ni rahisi. Ili shaba ifikie thamani ya daler kumi za fedha, ilibidi iwe nyingi sana. Mwaka 1644 wakatoa bamba la shaba la daler kumi lenye uzito wa kilo 19 na ushei. Chukua ndoo ya lita ishirini, ijaze maji, ujitwishe: hiyo ni sarafu moja. Mwizi wa kuipora alihitaji punda.

Waholanzi walikuwa wajanja zaidi. Mwaka 1575 walianza kutoa daalder yenye fedha pungufu kidogo na picha ya simba aliyesimama, leeuwendaalder, wakaipeleka kwenye biashara ya Waturuki na Waarabu. Ilienea mno. Watu wa Romania wakaiita kwa mnyama wake, leu, yaani simba, na ndiyo fedha yao hadi sasa, sawa na majirani zao wa Moldova. Bulgaria ikawa lev, simba yuleyule, hadi nchi hiyo ilipohamia kwenye yuro mwanzoni mwa 2026. Usiichanganye na lek ya Albania. Hiyo ni jina la mtu, Aleksanda, lililofupishwa. Waarabu wao walimtazama yule simba mwembamba wa Kiholanzi, aliyechakaa kwa kupita mikono mingi, wakamwona mbwa. Sarafu ikaitwa abu kalb, yenye mbwa. Ukiiona picha yake utawaelewa.

Waingereza walilipata neno kutoka kwa majirani zao hao wa kaskazini, katikati ya karne ya 16. Mwanzoni lilikuwa jina la sarafu za wageni. Shakespeare alipoandika tamthilia ya Macbeth, mnamo 1606, alimfanya mfalme wa Norwe alipe dola 10,000 ili aruhusiwe kuzika askari wake. Macbeth wa kweli aliishi karne ya 11, wakati bonde la Yoakimu lilikuwa bado halijulikani hata na wachungaji, kwa hiyo mwandishi alichanganya nyakati. Lakini angalia mwaka: 1606. Waingereza walikuwa hawajaweka makao ya kudumu Marekani, na uhuru wa 1776 ulikuwa mbali kwa miaka 170. Neno dola lilikuwa linachezwa jukwaani London kabla hapajakuwa na Mmarekani wa kulitumia.

Sasa inakuja sehemu ninayoipenda. Wahispania walikuwa na mlima wao wa fedha, Potosí, katika nchi iitwayo Bolivia leo, na migodi ya Meksiko. Humo walifyatua sarafu ya uzito unaokaribiana na thaler, yenye thamani ya real nane. Real maana yake ni "ya kifalme". Wenyewe waliiita pia peso, neno la "uzito". Waingereza wa makoloni ya Marekani, waliokuwa na uhaba wa sarafu za kwao, waliitumia sana hii ya Kihispania. Jina lake la Kihispania hawakulitaka. Waliiona ni kubwa, ni ya fedha, inafanana na zile dola za Ulaya, basi wakaiita dola ya Kihispania. Walipopata uhuru walichagua kuhesabu kwa kitu kilichokuwa mifukoni mwao tayari. Bunge lao likaipitisha dola mwaka 1785, sheria ya sarafu ikafuata 1792, na sarafu za Kihispania ziliendelea kuwa halali huko hadi 1857.

Huku kwetu ikatokea kinyume chake. Sarafu iliyotawala Bahari Nyekundu, Ghuba na pwani ya Afrika Mashariki katika karne ya 19 ilikuwa thaler halisi, ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, Hungaria na Bohemia. Lakini Waarabu walikuwa wamezoea real ya Kihispania, wakaiita riyal, na Waswahili tukasema reale. Kwa hiyo Wamarekani walishika sarafu ya Kihispania wakaiita kwa jina la Kijerumani, na sisi tukashika sarafu ya Kijerumani tukaiita kwa jina la Kihispania. Majina yamepishana baharini kama majahazi mawili usiku. Rial ya Omani na riyal ya Saudia ni wajukuu wa neno hilo la Kihispania.

Kama bibi yako ana kidani cha zamani chenye sarafu kubwa ya fedha, kishike uangalie. Utamwona mwanamke mnono, shingo imejaa, ushungi umeshuka nyuma ya kichwa, bruchi, yaani pini ya mapambo, ya lulu begani. Geuza: tai mwenye vichwa viwili, na mwaka 1780. Daima ni 1780. Maria Theresa alifariki Novemba ya mwaka huo, na wafanyabiashara wa nchi zetu wakakataa sura nyingine yoyote. Walizihesabu lulu za bruchi kujua kama sarafu ni halali. Austria ikaona isibishane na mteja, ikaendelea kufyatua kwa tarehe ileile, na Italia, Uingereza na Ufaransa nazo baadaye zikazifyatua za kwao, mwanamke yuleyule, mwaka uleule. Ndani ya kila moja mna gramu 28 na chembe, fedha tupu zaidi kidogo ya gramu 23. Karafuu na pembe za ndovu za Unguja ziliuzwa kwa frasila kwa reale hizo. Wamarekani wa Salem, mji wa bandari huko kwao, walikuja na vitambaa, nasi tukaviita kwa jina la kwao, merikani, nao wakahesabu faida yao kwa dola ambazo zilikuwa na uso wa mama wa Kiaustria.

Reale ya Kihispania nayo ilikuwepo, ila ilikuwa na nguzo mbili juu yake, nguzo za Herkule za pale mlango wa bahari wa Gibraltar. Waarabu wakaziona ni mizinga, wakaiita abu madfa, na pwani ikaitwa reale ya mzinga. Simba kawa mbwa, nguzo zimekuwa mizinga. Mtu akipewa sarafu asiyoweza kuisoma huisoma kwa macho.

Nguzo hizo ndizo zinazotajwa pia katika hadithi za alama ya dola. Hadithi ya U juu ya S, kwamba ni herufi za Marekani, ni tamu lakini haiendani na tarehe, kwa sababu alama ilikuwa inatumika kwenye hesabu za peso kabla Marekani haijafyatua sarafu yake ya kwanza. Maelezo yenye ushahidi zaidi ni ya makarani: peso waliziandika "ps" kwa kifupi, mkono ukienda haraka S ikapanda juu ya P, na P ikabaki kijiti. Mtu yeyote aliyesoma cheti cha daktari anajua mkono wa haraka unavyoweza kuzaa herufi mpya.

Nimeahidi dala ya konda. Daladala, kila mtu Dar es Salaam atakuambia, ilipewa jina hilo miaka ya 1980 kwa sababu nauli ilikuwa shilingi tano, ambayo iliitwa dala, na iliitwa dala kwa sababu dola moja ilikuwa shilingi tano. Mbili za kwanza sina ugomvi nazo. Ya tatu haisimami. Mwaka 1983 dola ya Marekani ilikwisha kuvuka shilingi kumi, hata kwa bei ya serikali achilia mbali ya mitaani. Shilingi ya Tanzania ilipozaliwa mwaka 1966 dola ilikuwa shilingi saba na senti 14. Dola ya shilingi tano ilikuwa wapi?

Ilikuwa kwa Mwingereza. Shilingi ya Afrika Mashariki ilifungwa kwenye pauni: shilingi ishirini, pauni moja. Kuanzia 1940 hadi 1949 pauni moja ilikuwa dola 4.03. Gawa ishirini kwa nne, unapata tano. Waingereza wenyewe mitaani kwao waliita sarafu ya shilingi tano "dola" na ile ya shilingi mbili na nusu "nusu dola". Mwaka 1949 pauni ikashushwa hadi dola 2.80, na hesabu ya tano ikafa. Ishirini kwa 2.80 ndiyo ile saba na senti 14. Neno halikufa pamoja na hesabu. Likakaa kwenye shilingi tano miaka thelathini na kitu, hadi konda akalipandisha kwenye mlango wa basi: "Dala, dala, dala!" Hayo ndiyo maelezo yanayonishawishi mimi, maana namba zinakubali.

Hivyo pwani yetu imepokea sarafu ya bondeni mara tatu: kwa jina la reale kupitia kwa Waarabu, kwa jina la dala kupitia shilingi za Mwingereza, na kwa jina la dola kupitia Wamarekani na noti zao. Na dola hizo si za Wamarekani peke yao. Kanada, Australia, Namibia na Liberia kila moja ina yake.

Kuna neno lingine la fedha lililotoka kwenye mji wa Ulaya likaja kukaa kwetu, na Watanzania wanalitamka kila siku bila kujua. Katika mji wa Schwäbisch Hall, kusini mwa Ujerumani, walikuwa wakitengeneza sarafu ndogo ya bei ya chini, na kwa kanuni ileile ya -er ikaitwa Heller, ya Hall. Ilikuwa ndogo hata Wajerumani wakaigeuza msemo wa mtu asiye na kitu. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani huku iliondoa hesabu ya pesa 64 kwa rupia moja, ikaweka heller 100. Pesa yenyewe ilikuwa paisa ya Wahindi, na wanaoitafutia ukoo kwenye peso ya Hispania wanajichosha. Vita vilipobana, mwaka 1916, Wajerumani walifyatua Tabora heller ishirini-ishirini za shaba. Mwaka huohuo walifukuzwa mji huo, na miaka michache baadaye sehemu kubwa ya koloni ilikuwa ya Mwingereza. Heller ikabaki kwetu na jina lake ni hela.

Bonde la Yoakimu leo linaitwa Jáchymov na liko Ucheki. Madini ya fedha yalikwisha zamani. Huko hawanunui mkate kwa dola wala kwa thaler. Wananunua kwa koruna, ambayo imegawanywa sehemu 100 ziitwazo haléř. Ndiyo hela yetu hiyohiyo, kutoka mji uleule wa Hall. Sarafu ya mwisho ya haléř iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2008, na sasa muuza duka akifika kwenye haléř anakadiria tu hadi koruna nzima. Mpwa wangu nilipomweleza hayo alifikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo mjomba, walioanzisha dola hawana dola, na hela nao hawana."

Nikamwambia arudi kwenye Jumuiya ya Madola, mtihani ni Jumatatu.